Uzi: Hewa upande huu, maji upande ule. Sikio la kati na la ndani hufanyaje kazi?

Mwalimu wa Kisauni

Assalam aleikum, na salamu kwa wote. Maswali ya masikio yamekuwa yakija humu moja moja, huyu akiuliza kuhusu mlio, yule kuhusu kizunguzungu, mwingine kuhusu usaha wa mtoto, na majibu hutolewa kana kwamba sikio ni tundu moja linaloanzia nje na kuishia kwenye ubongo. Nimeona ni heri tuuweke msingi mahali pamoja. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari, kwa hivyo nitaeleza maumbile na kazi yake, na wenye taaluma ya tiba wataongeza.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni kwamba sikio la kati ni chumba cha hewa, na sikio la ndani ni mifereji ya maji iliyo ndani ya mfupa. Karibu kila tatizo la sikio hueleweka ukishajua liko upande gani wa mpaka huo.

Tuanze na hewa. Mwisho wa tundu la nje pana kiwambo, utando uliowambwa wenye kipenyo cha milimita 8 hadi 10 na unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Nyuma yake ndipo kilipo chumba chenyewe, nacho ni kidogo mno, kwani hewa yake haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Ndani yake mna mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, ambayo mpini wake umegandamana na kiwambo, fuawe, iliyo katikati, na kikuku, ambacho wayo wake umekaa juu ya dirisha la duaradufu, yaani mlango wa sikio la ndani. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3 na uzito wake ni kama miligramu 3. Mtoto huzaliwa na mifupa hii ikiwa tayari na ukubwa atakaokuwa nao uzeeni.

Ni ya nini basi? Hapo ndipo vitabu vya shule hupita mbio, na kwa maoni yangu ndipo penye utamu wote. Sauti hutujia kwa njia ya hewa, lakini seli za kusikia zinaishi majini, na sauti ya hewani inapogonga maji hurudi karibu yote. Mtu aliyezama hata mita moja pale Bamburi hamsikii mwenzake anayempigia kelele kutoka mashuani, ilhali husikia vizuri mashua yenyewe ikigongwa kwa kafi. Kwa hesabu, katika kila sehemu 1,000 za nguvu ya sauti, kama 999 hurudishwa na uso wa maji na moja tu ndiyo hupenya, na hiyo ni hasara ya takriban desibeli 30. Kazi ya sikio la kati ni kuifidia hasara hiyo.

Hulipa fidia hiyo kwa njia mbili. Iliyo kubwa ni tofauti ya eneo: sehemu ya kiwambo inayotetema ina kama milimita mraba 55, na wayo wa kikuku una kama milimita mraba 3.2 tu, kwa hivyo msukumo uliokusanywa penye upana hukandamizwa penye udogo, na shinikizo likazidi mara 17 hivi. Njia ya pili ni wenzo, kwa kuwa mpini wa nyundo ni mrefu kuliko mguu wa fuawe kwa uwiano wa kama 1.3 kwa 1. Ukizidisha 17 kwa 1.3 utapata 22, na hayo ndiyo maongezo ya shinikizo kabla sauti haijaingia majini. Haya yote hutendeka bila nguvu ya ziada kutumika, kwa umbo peke yake.

Mifupa hiyo ina misuli miwili, mmoja wa nyundo na mmoja wa kikuku. Sauti kubwa ikiingia, msuli wa kikuku hujikaza na kupunguza hasa sauti nzito. Huchelewa kwa sehemu chache za mia za sekunde, na ndiyo sababu hausaidii kitu dhidi ya mlio wa bunduki au wa nyundo juu ya chuma, ambao huwa umeshapita. Tusisahau pia majirani wa chumba hiki. Neva ya uso hupita ukutani mwake, neva ya ladha hukatiza kati ya nyundo na fuawe, paa lake ni mfupa mwembamba ambao juu yake upo ubongo, na kwa nyuma hewa yake huendelea hadi kwenye vijumba vya mfupa wa mastoidi, ule unaoupapasa nyuma ya sikio. Mtu ambaye sikio lake linatoa usaha na mdomo umeanza kwenda upande hana magonjwa mawili.

Sasa tuingie majini. Michoro mingi huonyesha konokono mzuri wa zambarau aking'inia peke yake, na wanafunzi huondoka wakiamini kwamba ukipasua kichwa utamkuta hapo. Hakuna konokono. Kuna mfereji uliotobolewa ndani ya mfupa ulio miongoni mwa migumu kupita yote mwilini, unaozunguka mara mbili na nusu na zaidi kidogo, ambao ungenyooshwa ungefika kama milimita 35. Huo ndio koklea. Umegawanywa njia tatu kwa urefu. Ya juu na ya chini zina perilimfu, maji yenye sodiamu nyingi kama yalivyo maji mengine yaliyo nje ya seli. Ya katikati ina endolimfu, ambayo imejaa potasiamu na ina sodiamu kidogo sana, kinyume kabisa cha kawaida ya mwili, na umeme wake uko juu kwa kama milivolti 80 ukilinganishwa na jirani zake. Tofauti hiyo ya umeme ndiyo inayoendesha usikivu wote, nayo hudumishwa na ukuta wenye mishipa mingi ya damu, kwa hivyo damu ikikatika hata kwa muda mfupi usikivu huzimika.

Kikuku kinaposukuma dirisha la duaradufu, maji hayabanwi kama hewa, kwa hivyo lazima yapate pa kutokea. Ndiyo maana kuna dirisha la pili, la duara, lililofunikwa kwa utando mwembamba, ambalo hufura kuelekea chumba cha hewa kila kikuku kinapoingia. Bila dirisha hilo kikuku kingegota, na maji yasingesogea.

Chini ya njia ya katikati umetandazwa utando mrefu ambao karibu na madirisha ni mwembamba na mkakamavu, na kadiri unavyoelekea kileleni huwa mpana na mlegevu. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz alidhani nyuzi zake hufanya kazi kama za ganuni ya taarab, kila uzi ukiitikia sauti yake. Georg von Békésy, aliyezaliwa Budapest mwaka 1899, aliuchunguza utando huo katika masikio ya maiti, akaona kwamba ni wimbi linalosafiri kutoka mlangoni, likikua hadi kilele chake mahali panapolingana na sauti iliyoingia, kisha likafa. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961. Sauti nyembamba kabisa, za mitetemo 20,000 kwa sekunde, hufikia kilele mlangoni. Zile nzito za mitetemo 20 hufika mwisho wa mfereji.

Juu ya utando huo ndipo zilipo seli zenye vinywele, katika kiungo kilichoelezwa na Alfonso Corti mwaka 1851. Za ndani ni kama 3,500 katika safu moja, na za nje ni kama 12,000 katika safu tatu. Vinywele vikiinama, nyuzi ndogo zinazoviunganisha hufungua vijilango, potasiamu ikaingia, na seli ikaamsha neva. Ajabu ni kwamba asilimia kama 95 ya nyuzi za neva zinazopeleka habari za sauti kwenye ubongo hutoka kwenye zile 3,500 za ndani. Za nje kazi yake ni nyingine: hurefuka na kufupika kwa kasi ileile ya sauti na kuuongezea utando mtikisiko, na bila hizo sauti za chini hazisikiki wala maneno hayapambanuki penye watu wengi. Katika binadamu seli hizi zikifa hazioti tena. Kuku akipoteza zake huotesha nyingine.

Karibuni kwa maswali.

Mzamiaji wa Mtwapa

Ahsante, mwalimu. Mimi huzama bila mtungi kutafuta pweza na kambakoche. Nikifika mita mbili au tatu masikio hubana, kisha nikimeza mate husikia kitu kikifunguka na maumivu huisha. Vijana wenzangu husema tuvumilie tu, masikio huzoea. Pia ningependa kujua kwa nini nikiwa na mafua hata mita moja hunishinda.

Mwalimu wa Kisauni

Chumba cha hewa kina mlango mmoja tu wa kupata hewa mpya, nao ni mrija wa Eustachi, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, mtaalamu wa maumbile wa Italia wa karne ya 16. Kwa mtu mzima una urefu wa milimita 35 hivi, na unatokea nyuma ya pua, juu ya kilimi. Wakati mwingi umefungwa, na hufunguliwa na misuli ya kaakaa unapomeza au kupiga miayo. Ufunguzi ule unaousikia ndio huo. Mafua yanapofurisha mdomo wa mrija nyuma ya pua, misuli huvuta bila mafanikio, na hiyo ndiyo sababu mita moja inakushinda.

Shinikizo juu ya maji ni kipimo kimoja cha anga, na mita 10 chini ni vipimo viwili. Hewa iliyo sikioni mwako hupungua hadi nusu ya ujazo wake katika mita hizo 10 za mwanzo, ilhali kutoka 10 hadi 20 hupungua kutoka nusu hadi theluthi. Yaani badiliko kali zaidi liko karibu na uso wa maji, mahali ambapo vijana hudhani hapana hatari kwa sababu bado wanaona jua. Kiwambo huvutwa ndani, utando wa chumba huvimba na kutoa majimaji au damu, na mwishowe kiwambo hupasuka. Yule anayesema kwamba alivumilia hadi maumivu yakakatika ghafla, huenda anaeleza kupasuka kwa kiwambo.

Mrija huu una tabia moja ya kukumbukwa: huruhusu hewa kutoka kwa urahisi kuliko unavyoiruhusu kuingia. Kupanda juu hewa hujitokea yenyewe, lakini kushuka ni lazima uisaidie. Usisubiri maumivu. Anza kusawazisha kichwa kikiwa bado juu ya maji, rudia kila nusu mita au mita moja, na ukihisi kubana panda kidogo kabla ya kujaribu tena, kwa sababu tofauti ikishakuwa kubwa shinikizo lenyewe huubana mdomo wa mrija na hakuna kumeza kutakakoufungua.

Njia ya kuziba pua na kupuliza kwa mdomo uliofungwa huitwa kwa jina la Antonio Valsalva, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704. Yeye aliitaka kwa ajili ya kusukuma usaha utoke sikioni, si kwa kuzamia. Puliza polepole. Ukikaza kwa nguvu, shinikizo la kichwani hufikia maji ya sikio la ndani na linaweza kuchana utando wa dirisha la duara; hapo ulichokuwa unakitibu kama shida ya hewa kinageuka kuwa shida ya maji, na usikivu unaopotea huko huenda usirudi.

Hali ni hiyo hiyo kwa abiria wa ndege ya kutoka Nairobi inaposhuka kuja kutua uwanja wa Moi, hapa Mombasa. Kwa basi mteremko ni ule ule, kama mita 1,600, lakini huchukua saa nyingi na mtu huwa amemeza mate mara mamia bila kujua. Mtoto mchanga anyonyeshwe ndege inapoanza kushuka, si ikishatua.

Mama wa Likoni

Nashukuru kwa somo hili. Mwanangu wa miaka miwili kila akipata mafua hulia usiku akishika sikio, na safari hii limeanza kutoa usaha, kisha akanyamaza na kulala. Bibi yake anataka tumtie mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, kama alivyotulea sisi. Sitaki kumvunjia heshima, lakini naogopa.

Muuguzi wa Tudor

Dada, pole kwa kukesha. Niongezee pale mwalimu alipoachia. Mrija wa mtoto ni mfupi, kwa mchanga ni kama nusu ya ule wa mtu mzima, na umelala karibu bapa badala ya kuteremka kwa mshazari. Kamasi na vijidudu vya puani hupanda bila kizuizi, na maziwa pia, mtoto akinywa chupa huku amelala chali. Hewa ya chumbani hunyonywa, majimaji hujaa mahali pake, yakioza huwa usaha, na usaha ukisukuma kiwambo ndipo unapomsikia akilia. Amenyamaza kwa sababu kiwambo kimetoboka na usaha umepata pa kutokea. Tundu kama hilo kwa kawaida huziba lenyewe baada ya siku au wiki kadhaa likiwekwa kavu.

Kwa hivyo mafuta yasitiwe. Kiwambo kikiwa kizima mafuta huishia nje na hayana madhara makubwa, na pengine ndiyo maana bibi aliona yanafaa zamani. Kikiwa na tundu, mafuta huingia kwenye chumba chenyewe pamoja na chochote kilichokuwa ndani ya chupa. Mwambie bibi kwamba kazi yake ni kulikausha sikio, kwani hiyo ni kazi ya mkono mpole. Asokote kitambaa safi kinachofyonza kiwe utambi, auingize polepole, augeuze ukishalowa, aweke mwingine, hadi utambi utoke mkavu, angalau mara tatu kwa siku. Pamba ya njiti isitumike.

Kesho mpeleke kituo cha afya. Usaha wa chini ya siku 14 kwa kawaida hutibiwa kwa antibiotiki ya kumeza, na uliozidi siku 14 huhitaji matone maalumu pamoja na kukausha. Usinunue matone mwenyewe dukani, kwa kuwa baadhi yana dawa za jamii ya gentamisini, ambazo zikipitia tundu la kiwambo zinaweza kufika kwenye dirisha la duara na kudhuru seli za ndani. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio hadi sikio linasukumwa mbele, usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Baharia Mstaafu

Mwalimu, mimi ni mzee wa Mji wa Kale, nimesafiri baharini nusu ya umri wangu na sijawahi kutapika. Sasa nikijigeuza kitandani upande wa kulia chumba chote huzunguka, kisha kabla sijamaliza kushahadia hutulia. Nikiamka kuangalia juu, hali hiyo hiyo. Wengine wameniambia ni presha, na wengine wana maelezo yao ya mashetani ambayo siyataki.

Mwalimu wa Kisauni

Shikamoo, mzee wangu. Nilikuwa nimeiacha nusu ya sikio la ndani, na swali lako limenirudisha.

Maji yale yale ya koklea huendelea hadi kwenye vifuko viwili na mifereji mitatu ya nusu duara. Mifereji hiyo imekaa kwa pembe mraba, mmoja umelala na miwili imesimama, ili kichwa kikigeuka upande wowote angalau mmoja upate habari. Kichwa kikizunguka, ukuta wa mfereji huzunguka nacho lakini maji hubaki nyuma kidogo, na kwa kubaki huko huinamisha kipazia laini chenye vinywele vya seli ndani yake. Habari hizo hufika kwenye misuli ya macho upesi kiasi kwamba unaweza kutikisa kichwa ukisoma bango na maandishi yasikuchezee. Jaribu kinyume chake, tikisa gazeti huku kichwa kimetulia, na hutasoma neno.

Vifuko viwili vina kazi ya kupima kusimama, kulala na mwendo wa moja kwa moja, kama ule wa feri inapoondoka Likoni. Vinywele vyake vimebebeshwa chembechembe za kalisi kabonati, ambazo kwa uzito wake huvuta upande wa chini. Kwa umri, au baada ya kugonga kichwa, baadhi ya chembe hizo hubanduka na kuingia kwenye mfereji, mara nyingi ule wa nyuma. Ukijigeuza huteremka na kuyavuta maji, na mfereji hupeleka ubongoni habari ya mzunguko ambao haupo. Zikifika chini zinatulia, nawe unatulia, kwa kawaida ndani ya dakika moja. Muda huo mfupi, pamoja na kuchochewa na mkao wa kichwa, ndiyo alama yake.

Tiba yake haina dawa wala kisu. John Epley, daktari wa Marekani, alionyesha kwamba kichwa kikigeuzwa kwa hatua maalumu chembe hurudishwa zilikotoka, na alichapisha maelezo yake mwaka 1992. Mwone daktari wa masikio, pua na koo athibitishe ni sikio gani na ni mfereji gani, kwani hatua za upande usio wake hazisaidii. Lakini kizunguzungu kingekuwa cha saa nyingi, au kimekuja na usikivu kupotea ghafla, au na ulimi mzito na mkono kulegea, nisingekushauri kusubiri miadi. Hayo ni ya dharura.

Kondakta wa Bamburi

Gari letu lina spika mbili kubwa, na moja iko karibu na sikio langu la kulia kutwa nzima. Usiku napata mlio kama wa mbu, na nahisi sikio hilo halisikii vizuri. Je, ni nta tu? Mwenye gari anasema bila muziki abiria hawapandi.

Mwalimu wa Kisauni

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya mwenyewe. Ziba sikio moja zima kwa kidole kisha uvume kwa mdomo uliofungwa, "mmm". Utasikia mvumo umehamia kwenye sikio uliloliziba. Sasa ondoa kidole uvume tena. Sikio lenye kasoro upande wa hewa, iwe ni nta, majimaji au mifupa iliyokakamaa, huuvutia mvumo kwake, kama lilivyofanya lile uliloliziba. Lenye kasoro upande wa maji hufanya kinyume, na mvumo hukaa kwenye sikio zima. Madaktari hufanya vivyo hivyo kwa uma wa sauti uliowekwa utosini au kwenye paji la uso, kwa kufuata uchunguzi wa Ernst Weber wa mwaka 1834. Jibu utakalopata ni la kukuelekeza tu, wala halichukui nafasi ya kipimo cha usikivu.

Ukiniuliza ninavyodhani, si nta. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15. Sheria za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, na gari ni mahali pako pa kazi hata kama mwenye gari analiita dansi. Mlio huo ni seli za nje zikilalamika. Asubuhi ukiamka ukaona umepona, usifurahi sana: utafiti wa panya uliofanywa Boston na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba baada ya kelele kali vipimo vilirudi sawa, ilhali miungano mingi kati ya seli za ndani na neva ilikuwa imekufa. Hamisha spika mbali na kichwa chako, na uvae vizibo vya povu. Utasikia honi na utasikia "shukisha".

Fundi wa Redio, Majengo

Mwalimu, hapa nitakupinga kidogo. Umesema seli za nje huongeza nguvu ya sauti. Kwa uzoefu wa ufundi, chochote kinachoongeza nguvu kwa kujirudishia huwa na tabia ya kupiga kelele chenyewe. Kama ni kweli, mbona masikio hayalii?

Mwalimu wa Kisauni

Yanalia, bwana fundi. Thomas Gold alitoa hoja kama yako mwaka 1948 na hakusikilizwa. Mwaka 1978 David Kemp, akiwa London, aliweka maikrofoni ndogo kwenye tundu la sikio, akapiga mlio mfupi, na baada ya milisekunde chache akapokea mwangwi uliotoka ndani ya koklea. Seli za nje zinapojivuta hutikisa maji, maji hutikisa kikuku, na kiwambo hugeuka kuwa spika. Masikio mengine hutoa mlio hata bila kuchochewa.

Muuguzi wa Tudor

Na ugunduzi huo ndio unaotumiwa kupima watoto wachanga. Kidude laini huwekwa sikioni mtoto akiwa amelala, na kwa dakika chache hujulikana kama koklea inajibu. Mtoto asiyesikia hawezi kujieleza, na wazazi wengi hugundua akifikisha miaka miwili bila neno. Palipo na kifaa hicho, omba kabla hujatoka wodini. Nitahadharishe jambo moja, kwamba majimaji yaliyobaki katika sikio la kati baada ya kuzaliwa huuzuia mwangwi kutoka, kwa hivyo mtoto akikosa kupita mara ya kwanza hurudishwa kupimwa, hajahukumiwa kuwa kiziwi.

Mzamiaji wa Mtwapa

Nimerudi, mwalimu. Nimesoma ulivyosema kuhusu maumivu kukatika ghafla, na hayo yalinipata mwezi uliopita upande wa kushoto. Nikipuliza pua nasikia upepo ukipita sikioni. Nikiweka pamba yenye mafuta naweza kuendelea na kazi?

Mwalimu wa Kisauni

Hapana, ndugu yangu, na sababu yake si usaha peke yake. Upepo unaousikia unapita kwenye tundu la kiwambo. Ukizama, maji ya bahari yataingia moja kwa moja kwenye chumba cha hewa, na ukuta wa chumba hicho unapakana na ule mfereji wa nusu duara uliolala. Maji yaliyo baridi kuliko mwili hupoza upande mmoja wa mfereji, endolimfu hapo huwa nzito na kuanza kusogea, na ubongo hupokea habari kwamba unazunguka. Robert Bárány alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya viungo hivyo vya mizani, na jaribio alilolifafanua hadi leo hufanywa kliniki kwa maji ya nyuzi 30 na ya nyuzi 44. Bahari yetu tunaiita ya joto, lakini mara nyingi iko chini ya hizo 30. Kizunguzungu cha kliniki humkuta mtu amelala kitandani. Wewe kingekukuta mita nne chini, pumzi imebanwa, hujui juu ni wapi.

Pamba yenye mafuta hufaa kuogea nyumbani, maji ya kopo yasiingie. Shinikizo la mita mbili litaipita. Mwone daktari akitazame kiwambo kwa taa, na kama hakijaziba baada ya miezi mitatu hivi kuna upasuaji wa kukiwekea kiraka cha tishu yako mwenyewe. Kwa sasa, pweza wa kuokota mwambani maji yakiwa yamekupwa hawahitaji kuzama.

Mzamiaji wa Mtwapa

Nimekuelewa. Maji mafu yaingia lini?

Baharia Mstaafu

Mwezi ukifika siku ya saba na ya ishirini na mbili, mwanangu, lakini hayo maji hayakauki sana. Wewe ngoja bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, mwamba wote utakuwa nje.